UZI: Kucheza na kusoma sataranji mtandaoni bila kuchoma bando bure

Kitunda_E4 (mwanzisha uzi)

Wadau, kila wiki hapa kuna mtu anayeuliza aingie wapi ajue chesi, anatajiwa tovuti mbili, uzi unakufa. Jina la tovuti si jibu. Tuandike hapa mtu abonyeze wapi, aache nini, na mambo huharibikia wapi. Mimi naanza na Lichess.

Lichess.org ilianzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Yote ni bure, haina matangazo, inaishi kwa michango. Hakuna kitu kilichofungiwa nyuma ya malipo, kwa hiyo mtu akikuuzia "akaunti spesheli ya Lichess" ujue amekuona mgeni mjini.

Kabla ya mechi ya kwanza ingia kwenye mapendeleo ya mchezo. Washa uthibitisho wa hatua kwa mechi ndefu, kwa sababu kidole hukosea mraba, na ukiwa kwenye matatu inayoruka matuta ya Outering hukosea mara mbili. Pia zima ile tabia ya kumgeuza kitunda (kete ndogo kabisa) kikifika mwisho wa ubao kuwa malkia bila kukuuliza. Siku utakayohitaji farasi utanishukuru.

Halafu saa. Lichess hupanga mechi kwa hesabu moja: sekunde za kuanzia, jumlisha sekunde za nyongeza ya kila hatua mara 40. Chini ya 180 ni buleti, chini ya 480 ni blitzi, chini ya 1500 ni rapidi, na kuanzia 1500 ni klasiki. Kwa hiyo 5+3 (dakika 5 za kuanzia, nyongeza ya sekunde 3) ni 300 + 120 = 420, blitzi. 15+10 ni 900 + 400 = 1300, rapidi. Anayetaka kukua aanzie 15+10. Kwenye 3+0 hujifunzi, unarudia tu ulichokijua jana, makosa yakiwemo.

Mechi ikiisha, ipitie mwenyewe kwanza bila injini (programu inayokokotoa hatua bora). Weka alama sehemu mbili tatu ulizochanganyikiwa na uandike ulichokuwa unafikiri. Ndipo uombe uchambuzi wa seva. Huo haufanyiki kwenye simu yako. Unafanywa na kompyuta za watu waliojitolea nguvu ya mashine zao, kwa hiyo betri yako inapona. Ukikamilika kutatokea kitufe cha kujifunza kutokana na makosa: kinakurudisha kwenye kila hatua mbaya na kukutaka utafute iliyo bora. Hapo ndipo penye faida. Wengi huwasha injini, wanaona mshale, wanatikisa kichwa, wanafunga. Kesho wanaacha farasi yuleyule bure.

---

FarasiWaKasarani

Naongezea upande wa data, maana hapo watu huumia.

Mechi yenyewe haili kitu, hatua ni herufi chache tu zinazosafiri. Vinavyokula ni video na injini. Ukiwasha injini ndani ya kivinjari, simu inapakua faili ya mtandao wa neva, yaani ubongo wa injini. Kwenye menyu ya injini ya Lichess uzito umeandikwa kando: ile ndogo ni kama MB 7, kubwa huzidi MB 70. Kwa simu chagua ndogo. Tofauti ya ubora huioni wala mimi siioni, zote zinatupiga sote.

Kwa wakati ambao hakuna mtandao, pakua DroidFish kwenye Android. Inakuja na injini ya Stockfish ndani na inachambua bila intaneti. Nakili PGN (hatua za mechi kwa maandishi) ya mechi yako, ibandike humo, endelea. Programu ya Lichess ya simu nayo huweka fungu la mafumbo akiba, kwa hiyo yafungulie nyumbani kwenye wifi halafu uyatatue njiani.

Video: shusha ubora hadi 360p. Ubao haubadiliki ukiuangalia kwa 1080p. Na mfululizo wa John Bartholomew wa misingi ya chesi unatosha kwa anayeanza. Hakuna haja ya kufuata chaneli 15.

Jambo jingine ni kuchelewa kwa mtandao. Seva za Lichess ziko Ufaransa. Bonyeza jina lako juu kulia, utaona ping yako (muda wa ujumbe kwenda na kurudi). Mfumo hukurudishia sehemu ya muda uliopotea njiani, lakini si wote, na mtandao ukiyumba haukuokoi. Ukiwa kwenye data ya simu usicheze mechi isiyo na nyongeza. 3+2 afadhali kuliko 3+0 mara kumi.

---

MamaWawili_Umoja

Asanteni. Nina swali la mtoto wa miaka 9, shule yao wana klabu. Tovuti gani haina watu wa kumwandikia ujumbe ovyo? Na aanze na nini, maana kwenye video anaruka ruka tu.

---

Mwl_Ngome

Mama, karibu. Njia ni mbili.

ChessKid ni ya Chess.com na imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ya pili ni Lichess yenyewe ukiiwekea hali ya mtoto kwenye mipangilio ya akaunti: gumzo, ujumbe na jukwaa vyote vinazimwa. Kama mwalimu wa klabu yuko tayari, mwambie aombe kuwa mwalimu kwenye lichess.org/class. Akikubaliwa anawafungulia wanafunzi akaunti bila barua pepe, anawabadilishia nywila wakisahau (na watasahau), na anaona kila mmoja amefanya nini.

Wapi aanzie: usimpe fumbo mchanganyiko. Nenda kwenye orodha ya mada za mafumbo umchagulie moja kwa wiki. Wiki ya kwanza ni mati (mfalme anashambuliwa na hana pa kukimbilia) kwa hatua moja. Ya pili ni kete iliyoachwa bila mlinzi. Ya tatu ni uma, yaani kete moja kushambulia mbili. Ya nne ni mati ya mstari wa nyuma. Dakika 15 kwa siku zinamtosha. Ugumu uweke ngazi moja chini ya kawaida. Hiyo humletea mafumbo yaliyo pointi 300 chini ya reitingi yake, yaani namba ya kiwango chake. Lengo ni jicho lizoee sura ya shambulio, si ateseke.

Mzuie Puzzle Storm kwa sasa. Ni dakika 3 za mbio na mtoto hugeuka mbahatishaji. Puzzle Streak ni bora: haina saa, na kosa moja tu linamaliza, kwa hiyo anajifunza kuangalia kabla ya kugusa.

---

Gambiti_CBD

> Kwenye 3+0 hujifunzi

Hapa sikubaliani moja kwa moja, Kitunda. Blitzi ina kazi yake: kuzoea ufunguzi mpya. Ukicheza mechi kumi za 3+2 kwa ufunguzi mmoja, unakutana na majibu yote ya kawaida kwa jioni moja. Tatizo ni pale mtu hafungui hata mechi moja kuangalia alitoka kwenye mstari hatua ya ngapi.

Namna ya kuangalia haraka: fungua ubao wa uchambuzi, bonyeza alama ya kitabu, uende sehemu ya mchezaji, uweke jina lako na rangi. Inajenga mti wa mechi zako zote. Pale unapoona hatua umeicheza mara 40 na umepoteza nyingi, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Usiguse pengine. Aliye Chess.com atumie openingtree.com, inafanya hivyo hivyo kwa kuandika jina la akaunti.

Sehemu ya mabingwa kwenye kitabu hicho inadanganya wachezaji wa kawaida. Ni mechi za watu wa 2200 kwenda juu, na majibu wanayotoa hutayaona kwenye meza yako. Nenda sehemu ya Lichess, chuja kwa reitingi inayokaribia yako na aina ya saa unayocheza. Utaona wapinzani wako hasa wanacheza nini.

Lakini nayo ina mtego. Asilimia za ushindi huko chini zinapamba ufunguzi mbovu. Mfano ni gambiti (ufunguzi wa kutoa kitunda ili ushambulie) ya Stafford; N ni farasi, B askofu, K mfalme, x ni kula, + ni sheki, yaani kumshambulia mfalme: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6. Kwenye blitzi inaonekana tamu. Ila mweupe akijua 4.Nxc6 dxc6 5.d3 Bc5 6.Be2, amebaki na kitunda cha ziada na mweusi hana la maana la kuonyesha. Asiyejua anacheza 6.Bg5 akidhani amemfunga farasi, na inakuja 6...Nxe4 7.Bxd8 Bxf2+ 8.Ke2 Bg4 mati. Ndiyo maana asilimia zinapendeza.

---

Kitunda_E4

Sawa, hoja ya blitzi naipokea, kwa sharti hilo la kufungua mechi baadaye. Wangapi hufanya?

---

Jioni_Ngara

Nina 1750 rapidi Lichess. Nikiingia mashindano ya Chess Kenya ina maana nitakuwa kwenye 1700 ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia?

---

Mwl_Ngome

Hapana ndugu. Hizo ni sarafu mbili tofauti, hata hesabu yake si moja. Lichess inatumia Glicko-2 na kila mtu huanzia 1500. Ukiona alama ya kuuliza mbele ya namba yako, mfumo bado haujakufahamu. FIDE inatumia Elo, na tangu Machi 2024 sakafu yake ni 1400. Chini ya hapo huna reitingi kabisa. Kuipata unahitaji mechi zisizopungua 5 dhidi ya wenye reitingi. Ukishaipata, kizidishi chako cha pointi, K, ni 40 hadi ukamilishe mechi 30, kwa hiyo kumshinda mtu wa kiwango chako kunakupa pointi 20 na kushindwa naye kunazichukua 20. Namba itarukaruka, usiizingatie sana mwanzoni.

Na kwa kawaida, kwa watu wa ngazi yetu, namba ya Lichess huwa juu kuliko ya FIDE. Jiandae kisaikolojia.

Kinachowaangusha watoto wa mtandaoni kwenye ubao halisi si reitingi hata hivyo, ni kanuni ambazo programu huwafanyia bila wao kujua:

Programu haikuruhusu hatua haramu. Kwenye ubao mfalme wako anaweza kuwa hatarini usione, ucheze kingine, ubonyeze saa. Hiyo ni hatua haramu: mpinzani anaongezewa dakika 2 (kwenye blitzi 1), na ukirudia mara ya pili umepoteza mechi.

Kuhamisha mfalme pamoja na ngome: mkono mmoja, na mfalme aguswe kwanza. Ukianza na ngome unaweza kulazimika kuicheza ngome peke yake. Ukitumia mikono miwili na kubonyeza saa, unaadhibiwa kama uliyecheza hatua haramu.

Kitunda kikifika mwisho, weka malkia kwenye mraba ndipo ubonyeze saa. Kukiacha kitunda pale na kubonyeza ni hatua haramu pia. Mtandaoni malkia hujitokeza tu, kwa hiyo mkono haujazoea.

Kete ukiigusa kwa nia ya kucheza, utaicheza. Na simu: kanuni inakataza kuwa nayo ukumbini bila ruhusa. Mwamuzi hatajali kwamba kilicholia ni ujumbe wa M-Pesa.

Dawa ya haya yote ni ya bei rahisi. Tandika ubao halisi kando ya simu mnapocheza 15+10. Fikiri kwenye ubao, sogeza kete ya mbao, andika hatua kwenye karatasi, ndipo uingize kwenye simu. Kwenye mechi ndefu za FIDE kuandika ni lazima, na hupumzishwi hata saa ikipungua dakika 5 kama kuna nyongeza ya sekunde 30.

---

Jioni_Ngara

Hiyo ya kuanza na mfalme sikuijua kabisa. Shukran mwalimu.

---

Askofu_Mweusi

Hakuna aliyegusa miisho ya mchezo. Nyote mnashughulika na ufunguzi, mechi zenu zinaamuliwa hatua ya 45.

Ingia lichess.org/practice. Kuna mazoezi ya mati za msingi, mfalme na kitunda, na miisho ya ngome, na injini inajilinda vizuri upande wa pili. Ukishika nafasi mbili tu za ngome na kitunda, Lucena na Philidor, utaokoa nusu pointi nyingi.

Hii ndiyo Lucena. Nakili mstari huu ubandike kwenye sehemu ya FEN (maandishi ya mpangilio wa kete) ya ubao wa uchambuzi:

1K1k4/1P6/8/8/8/8/r7/2R5 w - - 0 1

Mfalme mweupe yuko mbele ya kitunda chake na hatoki. Suluhisho ni daraja (R ni ngome): 1.Rd1+ Ke7 2.Rd4! halafu 2...Ra1 3.Kc7 Rc1+ 4.Kb6 Rb1+ 5.Kc6 Rc1+ 6.Kb5 Rb1+ 7.Rb4, ngome imekinga sheki, kitunda kinapita. Siri yote ni ngome kwenda mstari wa nne kabla mfalme hajatoka. Wakimbiao na Kc7 mapema hufukuzwa kwa sheki kisha wanarudi walikotoka.

Philidor ni ya mtetezi: mfalme wako mbele ya kitunda cha mpinzani, ngome yako mstari wa tatu ukihesabu kutoka upande wako, ikimzuia mfalme wake asiingie. Subiri hapo. Kitunda kikisogea hadi mstari huo, ngome ikimbie mbali nyuma na kuanza sheki. Kosa la kawaida ni kukimbia mapema.

---

FarasiWaKasarani

Nyongeza kwa Askofu: Lucena haiendi hivyo kwa kitunda cha a au h. Mfalme hana upande wa pili wa kutokea.

Pia, kete zikibaki 7 au pungufu, wafalme wakiwemo, ubao wa uchambuzi wa Lichess unakupa jibu la uhakika kutoka kwenye majedwali ya Syzygy, si makadirio ya injini. Majedwali ya kete 3 hadi 5 hayafiki GB 1, kwa hiyo hata DroidFish unaweza kuiwekea, ukawa nayo bila mtandao. Ya kete 7 usijaribu, ni zaidi ya TB 16.

---

Askofu_Mweusi

Kweli kuhusu kitunda cha pembeni. Nilipaswa kusema.

---

Dada_Rapidi

Na wa kufanya naye mazoezi? Stockfish wa ngazi ya 3 ananikera. Hatua tano za bingwa, ya sita anampa mtu malkia.

---

Gambiti_CBD

Hivyo ndivyo ngazi za chini zilivyo, amepunguzwa nguvu kwa kupewa makosa ya bahati nasibu. Tafuta boti za Maia palepale Lichess: maia1, maia5 na maia9. Zilifundishwa kwa mechi za wanadamu wa 1100, 1500 na 1900, kwa hiyo hukosea kama mtu anavyokosea. Boti inakuachia uma wa farasi kwa sababu haikuuona. Zinafaa kujaribu ufunguzi, na hazikatiki kwa hasira.

---

MamaWawili_Umoja

Klabu inataka tulipie uanachama wa Chess.com. Kuna haja? Na tunalipaje bila kadi ya benki?

---

Kitunda_E4

Mama, kwa miaka 9 bado. Chess.com ya bure inatosha kucheza, ina wachezaji wengi zaidi, na masomo yake yamepangwa vizuri. Kinachobanwa ni idadi ya mafumbo kwa siku na tathmini za mechi. Mafumbo yasiyo na kikomo yako Lichess, na PGN ya mechi ya Chess.com unaweza kuibandika lichess.org/paste ukaichambua huko bila senti.

Mkiamua kulipa, kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi ya kadi, na duka la Google Play hapa Kenya hupokea M-Pesa. Linganisha bei ya Play na ya tovuti kwanza, huenda zisilingane. Bei ya tovuti ikiwa ya dola, ihesabu kwa shilingi pamoja na makato. Kisha zima kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo. Unabaki na uanachama hadi muda uliolipia uishe.

Kwa ufunguzi, Chessable ina kozi fupi za bure ambazo humkumbusha mtu mstari pale anapokaribia kuusahau. Ila mtoto msiharakishe huko.

---

Mwl_Ngome

Tahadhari moja kwa klabu zote: mechi ya moja kwa moja hairuhusu injini, kitabu cha ufunguzi, wala kaka mkubwa aliyekaa nyuma. Kwenye mechi za siku nyingi kitabu kinaruhusiwa, injini na majedwali ya miisho hapana. Watoto hawalijui hili, wanafungua kichupo cha pili kwa udadisi tu na akaunti inawekwa alama. Waambiwe siku ya kwanza.

---

Jioni_Ngara

La mwisho. Nimejiandikisha mashindano ya wikendi, wananiambia "angalia upangaji mtandaoni". Ni wapi?

---

FarasiWaKasarani

chess-results.com. Chagua shirikisho KEN, tafuta jina la mashindano, fungua kundi lako (watu hufungua kundi la wengine na kusema hawapo). Orodha ya kuanzia itakuonyesha namba yako. Angalia kama jina na kitambulisho chako cha FIDE, kama unacho, vimeandikwa sawa, na kama kuna kosa mwambie mwamuzi kabla ya raundi ya kwanza, si baada. Upangaji wa raundi inayofuata hutoka baada ya mechi zote za raundi iliyopita kuingizwa, kwa hiyo ukiona kimya kuna meza bado inacheza. Upangaji ukitoka, soma namba ya meza na rangi yako. Jina la kushoto ndilo jeupe.